Hewa ya Moto Itokee Wapi?

Gari la kasi likikaribia kuzinduliwa, ubashiri huanza miezi mingi kabla. Wapiga picha wa kuvizia hujibanza kando ya barabara za Death Valley kule California, karibu na uwanja wa majaribio wa General Motors pale Milford, Michigan, au kwenye vichaka vinavyopakana na Nürburgring nchini Ujerumani. Gari hupita limebandikwa plastiki ya michoro ya kuzuga macho, huku limefungwa sponji na vipande vya bandia kuficha umbo lake. Picha zikitoka, swali la kwanza la mashabiki ni farasi: zamu hii ni mia saba au elfu? Swali la pili ndilo lenye faida kwa mtu anayetaka kulinunua gari hilo na kulikimbiza. Rejeta zimeongezwa? Tundu lile jipya kwenye boneti ni la nini? Giaboksi na difu zimepata vipoza vyake safari hii?

Miaka kumi na zaidi iliyopita swali hilo halikuwa na uzito mkubwa hivyo. Aliyelipa uzito ni Chevrolet mwenyewe, kwa Corvette Z06 ya mwaka wa modeli 2015.

Kwenye karatasi lilikuwa gari la ajabu: injini ya V8 ya lita 6.2 yenye supachaja, nguvu za farasi 650, bei ambayo haikufika hata nusu ya yale magari ya Italia liliyokusudia kuyafukuza. Tena liliuzwa kwa jina la gari lililo tayari kwa uwanja wa mbio. Likapelekwa uwanjani. Baada ya mizunguko michache siku ya jua kali, wamiliki kadhaa wakaona kwenye dashibodi kile ambacho hakikuwa katika tangazo: joto limepanda, kompyuta imepunguza nguvu, na gari la farasi 650 linatambaa kurudi kwenye maegesho.

Sababu zake zinafahamika. Injini ya petroli hugeuza kuwa mwendo sehemu ndogo tu ya nishati iliyomo kwenye mafuta, theluthi hivi, au zaidi kidogo ikiwa imeundwa vizuri. Fungu jingine hutoka na moshi kupitia ekzosi. Linalobaki huingia kwenye kulanti na oili, na huko ni lazima liondolewe upesi kama linavyoingia. Kwa hesabu ya juu juu, Z06 iliyokanyagwa hadi mwisho huitwisha rejeta yake joto la birika za umeme 200 za kilowati mbili zinazochemka kwa mpigo. Barabarani hilo halisumbui, kwa kuwa hakuna anayeweza kukanyaga hivyo kwa zaidi ya sekunde chache kabla ya kukutana na lori, kona au polisi. Uwanjani mguu hubaki chini kwa dakika nyingi.

Supachaja nayo iliongeza mzigo wake. Hii ni pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda wa injini, na ya Z06 ilikuwa na ujazo wa lita 1.7, ndogo kuliko ile ya lita 2.3 iliyokuwa kwenye ZR1 ya kizazi kilichotangulia. Ili kufidia udogo huo ilizungushwa kwa kasi inayofikia mizunguko 20,000 kwa dakika. Ilikuwa na faida zake: iliitikia haraka mguu wa dereva na ilikaa vizuri chini ya boneti isiyoinuka sana. Lakini hewa ikibanwa hupata joto, na hewa ya moto ikiingia kwenye silinda injini huwa hatarini kugonga. Kompyuta hulizuia hilo kwa kuchelewesha cheche, na cheche iliyochelewa ni nguvu iliyopotea. Kwa hiyo gari linaweza kupoteza farasi wengi hata kabla mshale wa joto la kulanti haujagusa wekundu. Dereva huhisi tu kwamba mzunguko wa nne umekuwa mzito kuliko wa kwanza.

Tadge Juechter, aliyekuwa mhandisi mkuu wa Corvette wakati huo, alieleza kwamba vipimo vyao vya uwanjani vilichukulia dereva wa kiwango cha kitaalamu na hewa ya nyuzi 86 za Fahrenheit. Hizo ni nyuzi 30 za Selsiasi. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa akisikia hivyo atacheka, maana nyuzi 30 kwake ni mchana wa kawaida, wala si ule wa Februari. Huko Marekani kwenyewe, Florida na Texas hupita hapo miezi kadhaa ya mwaka, na ndiko viwanja vya mbio hujaa wateja. Kipimo hicho hakikuwa cha udanganyifu. Kilikuwa kipimo tu, na kila kampuni ina chake. Tatizo ni kwamba mteja hakukijua alipokuwa akisaini hundi.

Mwaka 2017 wamiliki walifungua kesi ya pamoja dhidi ya General Motors katika mahakama ya shirikisho huko Florida, wakidai kwamba gari lililouzwa kwa ajili ya uwanja halikuweza kuuhimili. Mwaka huohuo, Florida hiyohiyo, Ford nayo ilishtakiwa kwa ajili ya Mustang Shelby GT350 ya mwaka 2016, na kisa hicho kina funzo chungu zaidi kwa wabashiri. GT350 ziliuzwa kwa vifurushi tofauti. Zenye kifurushi cha uwanjani zilikuwa na vipoza vya oili ya giaboksi na ya difu. Za kawaida na zile zenye kifurushi cha teknolojia hazikuwa navyo. Kwa nje zilifanana karibu kila kitu, na injini ilikuwa moja, V8 ya lita 5.2 yenye farasi 526. Tofauti ilijitokeza pale oili ya giaboksi ilipopata moto na kompyuta kukata nguvu. Kwa modeli ya mwaka 2017 Ford iliviweka vipoza hivyo kwenye kila GT350. Hakuna picha ya kuvizia ambayo ingemwonyesha mtu jambo hilo, kwa sababu kipoza cha difu hukaa nyuma, chini, gizani.

Turudi kwa Chevrolet, maana namna walivyorekebisha Z06 ndiyo inayopaswa kubadilisha jinsi picha hizi zinavyosomwa. Kabla ya modeli ya 2017 ubashiri ulielekea upande mmoja: rejeta kubwa zaidi, bampa lenye mdomo mpana zaidi. Gari lilipofika, badiliko lililoonekana lilikuwa boneti. Ilikuwa na matundu makubwa kuliko ya awali, na chini yake kulikuwa na kifuniko kipya cha supachaja. Watu walitazama mahali hewa inapoingilia, wahandisi wakaenda kushughulikia mahali inapotokea.

Kosa hilo la kusoma ni la kawaida, na kwa Afrika Mashariki lina sababu ya ziada. Nairobi, Arusha au Kampala, tundu la boneti linalojulikana zaidi ni lile la Subaru Impreza yenye tabo, na lile kweli ni mdomo: linameza hewa na kuimwagia intakula iliyolazwa juu ya injini. Aliyekulia kwenye Subaru akiona tundu kwenye boneti ya Corvette hudhani ni hilohilo. Ukilitazama kwa karibu utaona limegeuka. Ukingo wake wa mbele umeinuka kidogo na mwanya unatazama kioo. Kazi yake ni kutema.

Na kutema ndiyo kazi ngumu. Hewa haiingii kwenye rejeta kwa sababu kuna tundu mbele. Inaingia kwa sababu upande wa nyuma wa rejeta kuna shinikizo dogo kuliko upande wa mbele. Gari likiwa katika kilomita 200 kwa saa, pua yake ina shinikizo kubwa kiasi kwamba hewa ya kuingia haikosekani. Ikishapita kwenye rejeta inajikuta ndani ya chumba kilichojaa injini, mabomba na nyaya, na kama haina njia ya kutoka hurundikana humo. Shinikizo la nyuma hupanda, na hewa mpya hugoma kuingia hata ukipanua mdomo mara mbili. Njia rahisi ya kuitoa ni chini ya gari, lakini hewa inayomwagwa chini huliinua gari na kulipunguzia mshiko wa barabara. Sehemu ya mbele ya boneti ina shinikizo dogo, hivyo tundu likiwekwa hapo hewa huvutwa nje yenyewe, na inapoelekezwa juu huikandamiza pua ya gari. Ukilisogeza nyuma sana, karibu na kioo, unakuta shinikizo limeshapanda tena na faida imetoweka. Ndiyo maana mahali tundu lilipo panasema zaidi kuliko ukubwa wake.

Magari yaliyofuata yamethibitisha hivyo moja baada ya jingine. Mustang Shelby GT500 ya mwaka 2020, yenye farasi 760, ilikuja na tundu la boneti la inchi 31 kwa 28, karibu ukubwa wa meza ndogo ya sebuleni. Tundu la ukubwa huo huingiza mvua moja kwa moja juu ya injini, kwa hiyo Ford waliweka chini yake trei ya alumini ya kukinga maji. Mwenye gari akienda uwanjani anaifungua na kuiacha kando. Akirudi mjini anaifunga tena. Katrei hako kanaeleza mgogoro mzima wa gari la aina hii vizuri kuliko ukurasa wowote wa takwimu: gari moja linatakiwa lipumue kama la mashindano leo na kesho limpeleke mtu kazini kwenye mvua.

Porsche walikwenda mbali zaidi mwaka 2022 na 911 GT3 RS. Kwa miaka mingi 911 zilizopozwa kwa maji zilikuwa na rejeta zilizogawanywa pembeni na katikati mbele. GT3 RS mpya iliziacha na kuweka rejeta moja kubwa, iliyolazwa kwa pembe, mahali ambapo 911 nyingine huweka mizigo. Wazo hilo lilitoka kwenye 911 RSR ya mashindano. Hewa hupita ndani yake na kutoka kupitia pua mbili kubwa juu ya boneti. Hapo likazuka tatizo jipya: injini ya 911 iko nyuma na huvuta hewa kutokea nyuma, kwa hiyo ile hewa ya moto iliyotemwa mbele ingepanda juu ya paa na kumezwa na injini ileile. Porsche wakaweka mapezi membamba juu ya paa ili kuisukuma pembeni. Aliyeona mapezi hayo kwenye picha za mwanzo angeweza kuyachukulia kuwa mapambo tu. Na nafasi iliyobaki wazi pembeni, kule zilikokuwa rejeta, ikatumika kwa mabawa yanayojigeuza. Gari lote hukandamizwa chini kwa kilo 860 likiwa katika kilomita 285 kwa saa.

Halafu ikaja Corvette ZR1 ya mwaka wa modeli 2025, iliyoonyeshwa Julai 2024. Tangu kizazi cha nane kilichoanza na modeli ya 2020, injini ya Corvette imehamia nyuma ya dereva, na ZR1 hii ina V8 ya lita 5.5 yenye tabo mbili na farasi 1,064. Hewa iliyobanwa na tabo ina joto kali. Inapozwa kwa maji, na maji hayo hupozwa kwenye rejeta yake iliyo kwenye pua. Tufuate hewa ya pua hiyo. Inaingia katikati ya bampa, inapita kwenye rejeta ya intakula, na mara inatoka juu kupitia boneti iliyotobolewa, bila kuzurura ndani. Inapotoka inaikandamiza pua. Gharama yake ni kwamba buti ya mbele, ambamo wenye Corvette nyingine hutia begi, haipo tena. Chevrolet waliona begi si kitu. Huo kwa kweli ndio ulikuwa uamuzi wa busara kuliko yote kwenye gari lile, ingawa mwanya wa boneti haukupata nusu ya sifa zilizomwagiwa farasi elfu moja.

Nyuma ya gari hilo kuna jambo jingine lililosomwa vibaya. Kioo cha nyuma kimegawanywa na uti wa kaboni, kama ilivyokuwa kwenye Corvette ya mwaka 1963, na wapenzi wa magari ya zamani walifurahi sana. Heshima kwa mababu ipo, lakini uti huo una kazi: unasaidia kutoa joto kwenye chumba cha injini, ambacho kwenye gari la aina hii kimefunikwa kwa kioo na hakipati upepo wa moja kwa moja. Juu ya mgongo kuna matundu mengine yanayoingiza hewa baridi kwa ajili ya tabo, na pembeni kuna njia za kupoza breki za nyuma.

Wabashiri hupenda pia kuhesabu rejeta, na hapa ni vizuri kuwa mgumu wa kuamini. Bugatti Veyron ya mwaka 2005 ilitangazwa kuwa na rejeta 10 kwa farasi 1,001. Corvette ZR1 ya mwaka 2019, ya injini ya mbele yenye farasi 755, ilikuwa na 13, nne zaidi ya ile Z06 iliyokuwa ikilalamikiwa. Z06 ya mwaka 2023, yenye farasi 670 bila tabo wala supachaja, ina tano tu. Hesabu hiyo haikuambii ukubwa wa kila moja, inapoza nini, wala kama iko mahali penye hewa. Rejeta zikipangwa moja nyuma ya nyingine, ya mwisho hupokea hewa iliyokwishapashwa na za mbele, na kipoza cha eisi kikiwa mbele ya zote kinaongeza joto lake mwenyewe. Ndiyo maana dereva wa uwanjani mwenye uzoefu huzima eisi kwanza, jasho limtoke.

Kinachoonekana kwenye gari la majaribio nacho hakiaminiki chote. Wahandisi hubandika utepe juu ya sehemu ya grili ili kujua gari litavumilia hewa kidogo kiasi gani, kwa sababu kila lita ya hewa inayopitishwa kwenye rejeta hulirudisha gari nyuma na kupunguza mwendo wa juu. Gari linalopigwa picha likiwa na mdomo mpana leo linaweza kuuzwa na mdomo mwembamba kesho. Soko nalo huleta tofauti. Magari yanayoundwa kwa ajili ya nchi za Ghuba mara nyingi hupewa mfumo wa kupoza ulioimarishwa, kwa kuwa kiangazi cha Dubai au Maskati hufikisha joto ambalo mteja wa Hamburg halijui. Picha iliyopigwa jangwani huenda inaonyesha gari la wateja wa huko peke yao.

Kuna badiliko jingine ambalo halionekani kwa kamera hata kidogo, nalo huenda ndilo litakaloamua magari yajayo yatafananaje. Kwa miongo mingi injini zenye nguvu zimekuwa zikijipoza kwa petroli yenyewe. Kompyuta huongeza mafuta kuliko yanayoweza kuungua, na yale ya ziada hupunguza joto ndani ya silinda na kwenye ekzosi. Ni ujanja mzuri, ila unachafua hewa, na sheria za Ulaya zinauziba. BMW walijaribu njia nyingine mwaka 2016 kwenye M4 GTS: walinyunyizia maji kwenye hewa inayoingia na kupata farasi 500 kutoka kwenye injini ambayo kwenye M4 ya kawaida ilitoa 431. Porsche, kwenye 911 Carrera GTS ya mwaka 2024 yenye msaada wa umeme, walitangaza kwamba injini yake ya lita 3.6 hubaki kwenye mchanganyiko kamili wa hewa na mafuta kwa kasi na mizigo yote, bila kuongeza hata tone. Joto lililokuwa likiondolewa na petroli sasa linahitaji njia nyingine. Bampa la mbele la gari hilo lina vipande vya wima vinavyofunguka na kufunga vyenyewe kila upande, na ni mara ya kwanza 911 kuwa navyo nje kwa namna hiyo.

Magari ya umeme hayajalikimbia tatizo hili la joto. Tesla Model S za mwanzo zilishinda magari mengi kwenye mstari ulionyooka, kisha zikapunguza nguvu zenyewe kabla ya kumaliza mzunguko mmoja wa Nürburgring, ambao ni wa kilomita 20.8. Betri ina masharti yake: haipendi joto, wala haipendi kuwa baridi mno inapotakiwa kutoa umeme mwingi kwa ghafla, hivyo mfumo unatakiwa kuipoza na kuipasha kwa zamu.

Hyundai walipoandaa Ioniq 5 N, iliyotoka mwaka 2023 ikiwa na farasi 650, waliweka lengo la mizunguko miwili ya Nürburgring bila nguvu kupungua, na wakaipa njia mbili za kuandaa betri: ya baridi zaidi kwa uwanja, ya joto zaidi kwa mbio fupi za kunyooka. Hiyo ni ahadi yenye umbali ndani yake, na watengenezaji wachache hutoa ya namna hiyo. Farasi wanaochapishwa kwenye vipeperushi vya Marekani hupimwa kwa kanuni inayochukulia hewa ya nyuzi 25, na hakuna kanuni inayolazimisha kampuni iseme nguvu hizo zitadumu dakika ngapi hewa ikiwa ya nyuzi 35. Mpaka itungwe, mnunuzi ataendelea kukuza picha za kuvizia kwenye simu yake, akitafuta ukingo wa boneti ulioinuka.